TUMBO KUJAA SI KUKUA

Mtu atokaye Karatu mjini na kushika njia ya Mbulumbulu, hata akafika Kambi ya Simba na Upper Kitete, hukuta nchi iliyojaliwa. Upande mmoja umesimama msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro. Upande wa pili ardhi inakatika ghafula na kuteremka kwenye Bonde la Ufa. Na katikati yake ni mashamba ya ngano, shayiri, mahindi, maharage na mbaazi. Huko wananchi wengi, Wairaqw na jirani zao wa makabila mengine, hufuga nguruwe wawili watatu nyuma ya nyumba. Na huko huko ndiko liliko jambo lililotusukuma kuandika leo, nalo ni nguruwe anayelala na njaa katika nchi ya chakula.

Twasema njaa, na twajua kwamba mfugaji atatukatalia. Atatuambia kuwa mnyama wake hupewa pumba za mahindi asubuhi na jioni, na kwamba kihori hakikauki. Hatumwiti mwongo. Lakini tunamwomba atujibu swali moja: nguruwe huyo ana umri gani, na ana uzito gani? Nguruwe aliyelishwa sawasawa hufikia kilo 90 au 100 katika muda wa miezi sita hivi tangu kuzaliwa. Nguruwe wengi wa wafugaji wetu wadogo hutimiza mwaka mzima bila kufika kilo 60. Mwaka mzima wa pumba, wa kubeba maji na wa kufagia banda, kwa nusu ya nyama! Hapana budi pawepo sababu, na sababu hiyo si uvivu wa mfugaji.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuseme neno. Miongoni mwa wasomaji wetu wamo wengi ambao dini yao imewakataza mnyama huyu, nasi hatukusudii kuwavuta katika jambo wasilolitaka. Lakini nguruwe ni jasho la ndugu zao wengine, ni sare na madaftari ya watoto, ni bati la nyumba. Tena hesabu tutakayoieleza hapa ni ile ile imfaayo afugaye kuku. Basi kila asomaye na aichukue kwa mfugo wake.

Mwili wa mnyama anayekua hutaka vitu viwili vikuu kutoka kihorini. Kwanza hutaka nguvu, yaani kile kinachomtia joto, kinachomwezesha kutembea na kupumua, na kinachoendesha kazi yote ya ukuaji. Hiyo hutoka hasa katika wanga na mafuta: mahindi, pumba, viazi, mihogo. Pili hutaka protini, chakula cha kujenga mwili, ambacho ndicho kinachogeuka kuwa nyama yenyewe. Viwili hivi havifanyi kazi kila kimoja peke yake. Mwenye kuchoma matofali anaweza kuwa na udongo mwingi mno, lakini kuni zikimwishia hana tofali hata moja. Na mwenye kuni tele bila udongo amechoma hewa. Nguruwe mwenye nguvu nyingi na protini kidogo hataota nyama. Ile nguvu isiyopata kazi ataiweka kuwa mafuta, naye atanenepa mgongo huku misuli yake imedumaa. Na mwenye protini nyingi na nguvu kidogo atafanya jambo la kusikitisha zaidi: ataichoma ile protini ya bei kubwa ili apate joto, kama mtu anayepasua mlango wa nyumba yake apikie ugali.

Wengi wanaishia hapo, nasi tungependa kwenda hatua moja mbele, maana hapo mbele ndipo fedha inapopotelea. Protini si kitu kimoja. Imeungwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, na kila protini ina mpangilio wake wa vipande hivyo. Sisi wa magazeti tunalielewa jambo hili upesi. Zamani, kurasa zilipokuwa zikipangwa kwa herufi za risasi, fundi aliyeishiwa na herufi "a" alisimama kazi, hata kama sanduku lake limejaa "k" na "m" tele. Ni neno gani la Kiswahili atakaloandika bila "a"? Kwa nguruwe, herufi hiyo ya "a" inaitwa laisini. Katika nafaka zote laisini ndiyo inayopungua kwanza, na ikipungua, vipande vingine vyote vilivyobaki, hata viwe vingi namna gani, havijengi nyama. Hugeuzwa na kutupwa nje katika mkojo.

Hebu tutazame hesabu. Kilo moja ya chakula cha nguruwe mwenye uzito wa kilo 20 hadi 50 yatakiwa iwe na laisini gramu 9 au 10 hivi. Kilo moja ya mahindi ina gramu mbili na nusu tu. Pumba zina zaidi kidogo, nazo hazifiki nusu ya haja yake. Kwa upande wa protini yote kwa jumla, nguruwe wa umri huo hutaka sehemu 16 hadi 18 katika kila 100 za chakula; pumba nzuri za mahindi zina sehemu 10 hivi. Ndiyo kusema kwamba mnyama wetu anaweza kula mpaka tumbo likakaza kama ngoma, na bado akawa amekosa cha kujengea mwili. Kelele zake za jioni si tamaa. Anadai.

Watu walio makini wamekwisha kuliona hilo, wakaanza kununua mashudu ya alizeti na kuchanganya. Tunawapongeza, lakini tunawaonya wasije wakadanganyika kwa hesabu iliyo nusu. Wafugaji wengi wamefundishwa hesabu ya mraba, nayo ni rahisi: pumba zina 10, mashudu yana 26, tunataka 16. Toa 16 katika 26, unapata sehemu 10 za pumba. Toa 10 katika 16, unapata sehemu 6 za mashudu. Changanya 10 kwa 6, na jibu ni 16 kamili. Mwalimu angetia alama ya vema. Nguruwe hatatia. Kwanza, mashudu ya alizeti yaliyokamuliwa pamoja na maganda yake yana nyuzinyuzi nyingi, mara nyingine robo ya uzito wake au zaidi, na nguruwe si ng'ombe: hana tumbo la kucheua, na sehemu kubwa ya nyuzi hizo humpita bure. Mchanganyiko huo humjaza kabla hajapata nguvu ya kutosha. Pili, ile laisini tuliyoitaja hutoka gramu sita hivi kwa kilo, na sharti lake ni 9 au 10. Basi ile 16 iko kwenye karatasi, haiko mwilini.

Dawa ya jambo hili iko wapi? Kwa mkaaji wa Mbulumbulu, sehemu moja ya dawa hiyo imesimama shambani mwake katikati ya mahindi. Ni mbaazi. Kilo moja ya mbaazi ina protini sehemu 20 hivi katika 100, na laisini yake ni kama gramu 14, yaani zaidi ya mara tano ya mahindi. Nguvu yake nayo si haba, kwa kuwa ina wanga mwingi. Mbaazi ni mahali pale pale ambapo nafaka imepungukiwa. Babu zetu waliopanda vitu hivi viwili katika tuta moja, na kuvipika katika chungu kimoja, hawakuwa na maabara, lakini hawakukosea.

Hata hivyo mbaazi za Karatu kwa miaka mingi zimelimwa kwa macho yaliyoelekezwa India. Gunia likijaa, linauzwa lote, na mfugaji anarudi nyumbani na pumba. Hatumlaumu katika mwaka wa bei nzuri. Lakini nani amesahau mwaka 2017? Mwezi wa Agosti mwaka huo Serikali ya India iliweka kikomo cha mbaazi zitakazoingizwa nchini mwake, tani 200,000 kwa mwaka, na bei kwa mkulima wetu, iliyokuwa imezoeleka kutajwa kwa maelfu ya shilingi kwa kilo, ikaanguka hadi mamia machache. Walikuwako waliochelea hata gharama ya kuvuna. Magunia yalikaa ndani yakaliwa na fukusi, na nyuma ya nyumba hiyo hiyo nguruwe alikuwa akidumaa kwa kukosa kitu kilichokuwa kikioza ukumbini. Jambo hilo lilitusikitisha wakati ule, na linatusikitisha mpaka leo, maana hatukusikia sauti kubwa ya kuwaambia wakulima kwamba mbaazi isiyo na mnunuzi inaweza kwenda sokoni kwa miguu minne.

Hatusemi kwamba watu wawanyime watoto wao kitoweo wakilishe wanyama. Wala hatusemi kwamba mbaazi safi iliyochambuliwa isiuzwe wakati mnunuzi analeta bei. Tunasema kuwa kila mavuno yana punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zilizotobolewa, ambazo mnunuzi huzikataa au huzipunja. Hizo zina kazi. Na bei ikianguka, kazi yao ipanuliwe. Kila msimu mfugaji apige hesabu upya: kilo ya mbaazi sokoni ni shilingi ngapi, na kilo ya dagaa au ya mashudu ya soya dukani ni shilingi ngapi? Lipi liuzwe na lipi linunuliwe, bei ndiyo itakayomwambia. Lisilobadilika ni haja ya mnyama.

Kuna sharti moja, nalo hatutaki lipuuzwe. Mbaazi mbichi, kama maharage mabichi na soya mbichi, zina kizuizi kinachozuia protini isimeng'enywe tumboni. Moto hukiua kizuizi hicho. Basi zichemshwe mpaka ziive, zianikwe na kuparazwa. Au zikaangwe vizuri kabla ya kusagwa. Atakayemwaga mbaazi mbichi kihorini, kisha akaja kulalamika kwamba gazeti limempoteza, tutamrudisha kwenye aya hii. Ukungu nao ni adui. Mwaka 2016 watu 20 walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa katika chakula chao cha mahindi, na mahindi yaliyooza yasiyofaa kwa mtu hayawi dawa kwa nguruwe.

Ili tusionekane tunahubiri tu, tutatoa mfano wa kilo 100 za chakula cha nguruwe wa kilo 20 hadi 50. Chukua mahindi yaliyoparazwa kilo 30, pumba za mahindi kilo 30, mashudu ya alizeti kilo 15, mbaazi zilizopitishwa motoni kilo 15, dagaa waliosagwa kilo 8, na zile kilo 2 zilizobaki ziwe chokaa ya mifugo au mifupa iliyosagwa, pamoja na chumvi kidogo na madini. Protini ya mchanganyiko huu inakaribia sehemu 17 katika 100, laisini inapita gramu 8 kwa kilo, na nguvu haikuzimwa na nyuzi. Si chakula cha kitabuni, ila ni cha mtu anayeweza kukipata kati ya Karatu na shambani kwake. Mnyama akipita kilo 50 dagaa wapunguzwe hadi kilo 3, mbaazi 10, mashudu 12, na pengo lote lijazwe kwa mahindi na pumba; protini itashuka kwenye 14 hivi, nayo inamtosha.

Hapo twataka kusimama kidogo, kwa sababu wako wafugaji wenye uwezo, hasa wafanyakazi wa mishahara wanaofuga pembeni, ambao kosa lao ni la upande wa pili. Wao humwagia nguruwe mkubwa wa kilo 80 chakula kile kile cha mtoto, wakidhani kwamba protini ikizidi na nyama itazidi. La. Mwili wa nguruwe una kipimo chake cha kujenga nyama kwa siku. Ukishafika, protini iliyozidi huvunjwa, na kazi hiyo ya kuivunja yenyewe hula nguvu. Dalili yake mtu huinusa kabla hajaiona: banda linanuka mkojo mkali unaochoma macho. Harufu ile ni dagaa wako.

Na usemi kuhusu nguvu haukamiliki bila kusema juu ya baridi ya Mbulumbulu. Wakazi wake wanaijua miezi ya Juni na Julai. Nguruwe anayekua hana manyoya ya kumfaa, na akilala juu ya sakafu ya saruji yenye maji, sehemu ya kile alichokula jioni huteketea usiku kwa kutafuta joto tu. Mfugaji huongeza pumba, kumbe alichotakiwa kuongeza ni kitanda. Tena mabua ya ngano ni mengi kila baada ya mavuno, na mara nyingi huchomwa moto! Mtandike nguruwe mabua makavu, uzibe upepo upande unakotoka, na utakuwa umeongeza nguvu kihorini bila kununua hata kikombe.

Sasa tunageukia walio nje ya banda. Hesabu yote hii huharibika ikiwa pumba si pumba. Malalamiko tunayoyasikia mara kwa mara ni ya pumba zilizochanganywa na magunzi yaliyosagwa, na ya dagaa waliojaa mchanga. Mfugaji anayedhani ameweka kilo 8 za dagaa, kumbe ameweka 5 za dagaa na 3 za ufuko, ameibiwa mara mbili: dukani na mwilini mwa mnyama wake. Nchi yetu inayo Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010. Tunawakumbusha wenye dhamana kwamba sheria haisimamii pumba kwa kukaa kabatini. Mfuko wa chakula cha mifugo unaouzwa katika soko la Karatu uandikwe kilichomo, na anayeuza apimiwe.

Bwana Mifugo na Bibi Mifugo, au maafisa ugani kama waitwavyo siku hizi, nao tunawaomba jambo. Wamefundishwa, wengine katika Chuo cha Tengeru, wengine katika Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, na elimu hii tuliyoigusa kwa juu wao wanayo hadi ndani. Wasiifundishe kwa maneno tu. Waifundishe kwa mizani. Debe la pumba lina uzito kama nusu tu ya debe la mahindi au la mbaazi, na anayechanganya kwa madebe anachanganya asichokijua. Mizani moja ya kijiji, na pipa moja la kuchanganyia, si mzigo kwa kaya 30 zikichangiana. Upper Kitete ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na watu waliolima ngano kwa matrekta ya pamoja. Hatuamini kwamba wajukuu zao watashindwa na pipa.

Tena lipo jambo la afya ya watu, ambalo wengi hawalihusishi na kihori. Kwa nini nguruwe huachiwa wazurure? Mara nyingi ni kwa sababu mwenyewe hana cha kutosha cha kumpa, akaona heri mnyama ajitafutie. Naye akijitafutia hula kinyesi cha binadamu chenye mayai ya tegu. Uchunguzi uliofanywa katika Wilaya ya Mbulu, ambayo Karatu ilikuwa sehemu yake hadi miaka ya 1990, na kutangazwa mwaka 2004, ulikuta dalili za viluwiluwi vya tegu katika ndimi za nguruwe 17 hivi katika kila 100 waliopimwa. Nyama ya namna hiyo isipoiva sawasawa humpa mlaji tegu, na mayai ya tegu yakiingia kwa mtu huweza kumletea kifafa. Mfanyakazi wa Arusha anayeagiza kitimoto chake jioni ana haja na kihori cha Mbulumbulu, ajue asijue. Choo kwa kila nyumba, banda lenye mlango, na chakula kilichotimia ndani yake: mambo hayo matatu huenda pamoja, kwa kuwa mnyama aliyeshiba kweli hana sababu ya kuvunja ua.

Kuhusu mabaki ya hoteli tutasema kwa ufupi: yachemshwe kabisa, maana homa ya nguruwe ya Afrika husafiri ndani ya makombo ya nyama, na ikiingia bandani hakuna mchanganyiko wa chakula utakaouokoa mfugo.

Mfugaji atauliza atajuaje kama amefaulu, naye hana mizani ya kumpandishia mnyama. Achukue utepe wa fundi cherehani. Apime mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka katikati ya masikio hadi kwenye shina la mkia, vyote kwa mita. Azidishe mzunguko kwa mzunguko, azidishe kwa urefu, kisha azidishe kwa 69. Nguruwe mwenye mzunguko wa sentimeta 90 na urefu wa sentimeta 90 ana kilo 50 hivi. Afanye hivyo kila baada ya wiki mbili, aandike katika daftari, na pembeni aandike kilo za chakula alichompa. Chakula kilichosawazishwa kitampa kilo moja ya uzito kwa kilo tatu au nne alizolisha. Akiona zinakwenda tano, sita, saba, na ajue kuwa kuna kitu kimepungua kihorini au kimepotea kwenye baridi, atafute ni kipi.

Mbaazi za Mbulumbulu huanza kuvunwa mwezi wa Agosti. Viongozi wa vijiji wanayo nafasi ya kuitisha mkutano, kukusanya michango na kuileta mizani kabla ya lori la kwanza kupakia. Nasi tutafurahi kupokea na kuchapa hesabu za daftari za wafugaji, za waliofaulu na za walioshindwa, kwa kilo na kwa tarehe.